Bastola Hufa kwa Miaka au kwa Risasi?

Mwaka 2022 Kanada ilichagua bastola mpya ya jeshi lake, SIG Sauer P320, ili kuzistaafisha Browning Hi-Power zilizotengenezwa Toronto na kampuni ya John Inglis mwaka 1944 na 1945. Baada ya vita kampuni hiyo ilijulikana zaidi kwa mashine za kufulia nguo, lakini bastola zake zilibaki viunoni mwa askari kwa karibu miaka 80. Sasa weka pembeni yake maneno ambayo mmiliki wa bastola mwenye leseni, awe Arusha au Nakuru, huyasikia dukani: springi hii ibadilishe ikifika risasi 5,000. Jirani yake atamwambia kwamba bastola ya plastiki haimalizi miaka 10. Wa tatu ataapa kwamba ya chuma haifi kabisa. Kauli ya kwanza ina ukweli na haipingani hata kidogo na zile bastola za Kanada. Hizo nyingine mbili ndizo zinazopotosha.

Tuanze na majina. Bastola nusu otomatiki ni ile inayotumia nguvu ya risasi iliyopigwa kutoa ganda tupu na kuingiza risasi nyingine yenyewe, ila kila mlio unadai triga ivutwe upya. Sehemu ya juu inayokwenda nyuma na kurudi mbele ndiyo slaidi. Sehemu ya chini, yenye mshikio, ni fremu. Ndani ya slaidi kuna mtutu, na mwisho wa nyuma wa mtutu ndio chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kupigwa. Chini ya mtutu ipo springi kubwa inayoirudisha slaidi mbele. Magazini ni lile kasha la risasi linaloingia kwenye mshikio, nalo lina springi yake.

Mtu akikuuliza pikipiki inadumu muda gani, huwezi kumjibu kabla hujajua anaulizia nini. Tairi? Cheni? Injini? Chesisi? Tena utataka kujua imetembea kilomita ngapi, kwa sababu bodaboda ya miaka 2 inaweza kuwa imechoka kuliko pikipiki ya mchungaji ya miaka 20. Bastola ni vivyo hivyo. Kilomita zake ni idadi ya risasi zilizopita mtutuni, na kila kipuri kina saa yake. Kwa hiyo zipo hesabu mbili zinazochanganywa kila siku: umri wa kipuri, yaani risasi ngapi kabla springi au ndoano ya kutolea ganda haijahitaji kubadilishwa, na umri wa huduma, yaani risasi ngapi kabla slaidi au fremu haijapata ufa wa kuifanya bastola nzima iondolewe kazini.

Hesabu ya tatu ni ya majaribio, na hii ndiyo inayozaa uvumi mwingi. Jeshi la Austria lilipotafuta bastola mpya mwanzoni mwa miaka ya 1980, moja ya masharti lilikuwa kwamba katika risasi 10,000 za kwanza isikwame zaidi ya mara 20. Sharti jingine lilisema ikishapiga 15,000 ikaguliwe uchakavu, kisha ipigwe risasi ya majaribio yenye shinikizo la bar 5,000, na sehemu zake muhimu ziendelee kufanya kazi. Bastola iliyoshinda ni Glock 17, na ikaingia jeshini mwaka 1982. Namba kama hizo zikishatoka kwenye karatasi za zabuni na kufika kijiweni, hugeuka kuwa “bastola inaisha ikifika elfu kumi”. Ni sawa na kusema mwanafunzi aliyefaulu mtihani wa saa 2 hana akili baada ya saa hizo.

Ili kuelewa kinachochakaa, tazama kinachotokea kwenye mlio mmoja. Pini inagonga fataki iliyoko kwenye kitako cha risasi, baruti inawaka, na shinikizo ndani ya chemba linapanda. Kwa risasi ya milimita 9 ya kawaida, kiwango cha juu kinachoruhusiwa katika vipimo vya Ulaya ni bar 2,350. Tairi la gari dogo lina bar 2 na kitu. Kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, mkononi mwako kuna shinikizo linalokaribia mara 1,000 ya lile la tairi. Katika bastola nyingi za risasi hiyo, mtutu na slaidi vinarudi nyuma vikiwa vimefungana kwa milimita chache, kisha mtutu unashuka na kuiachia slaidi iendelee peke yake. Ndoano ndogo inalivuta ganda, ganda linaruka nje, slaidi inagonga mwisho wa njia yake, springi inairudisha, nayo njiani inasukuma risasi mpya kutoka kwenye magazini. Vipigo viwili vya chuma kwa chuma kila mlio, kimoja nyuma na kimoja mbele.

Springi ya kurudisha ndiyo breki ya mfumo huu, na kama breki ya gari, yenyewe ni bei rahisi ila kuipuuza ni ghali. Ikichoka, slaidi inafika nyuma na nguvu nyingi mno na kuipiga fremu kuliko ilivyokusudiwa. Ushauri unaosikika zaidi kwa bastola za ukubwa wa kawaida zenye springi moja ni kuibadilisha kati ya risasi 3,000 na 5,000. Bastola fupi za kufichwa huhitaji mapema zaidi, maana springi yao inabanwa zaidi katika nafasi ndogo. Dalili ni mbili: maganda yanaanza kutupwa mbali kuliko zamani, au slaidi inasita kufunga kabisa mbele.

Kipimo chake hakihitaji fundi. Toa magazini kwanza. Vuta slaidi, angalia chemba kwa macho na uiguse kwa kidole. Hakuna hatua ya kuruka hapa. Elekeza mtutu juu, upande ulio salama, vuta triga na uishikilie hivyohivyo. Sasa vuta slaidi hadi nyuma, kisha irudishe mbele taratibu kwa mkono bila kuiachia ghafla. Springi nzima itaipandisha slaidi mpaka ifunge kabisa. Iliyochoka itaiacha imening'inia milimita chache kabla ya mwisho. Kwa Glock na bastola zinazofanana nayo, kipimo hiki kinatosha kuamua.

Baada ya springi hiyo, mshukiwa wa pili ni magazini, na kwa kweli ndiye anayestahili kuwa wa kwanza unapotafuta kwa nini bastola inakwama. Midomo yake ya juu, ile miwili inayozishika risasi zisiruke, ikipanuka au kupinda kwa sababu magazini iliangushwa sakafuni, risasi itainuka kwa pembe mbaya na kugonga ukuta wa chemba. Watu wengi huipeleka bastola kwa fundi wakati ugonjwa uko kwenye kasha. Andika namba kwa rangi kwenye kitako cha kila magazini: 1, 2, 3. Ikikwama, andika namba. Kama makosa yanaifuata namba 2, itupe namba 2 na bastola iache.

Hapa ndipo pa kuuzungumzia ule uvumi maarufu kuliko yote, kwamba magazini ikikaa imejaa springi yake inakufa. Chukua kipande cha waya. Ukikikunja kidogo na kukiacha hivyo, hakikatiki. Ukikikunja na kukikunjua mara 30 mahali pamoja, kinakatika. Springi iliyotengenezwa vizuri na isiyobanwa kupita kiwango chake huchoshwa zaidi na kubanwa na kuachiwa kuliko kukaa imebanwa. Kwa hiyo anayezitoa risasi zote kila Jumapili “kuipumzisha springi” ndiye anayeichosha. Kuna nafasi ndogo ya ubishi kwenye magazini zinazolazimisha risasi moja au mbili za ziada mahali pembamba. Hizo springi zake hulegea mapema, na kupunguza risasi moja kunazisaidia.

Ndoano ya kutolea ganda huchakaa kwenye ncha, na uchafu wa baruti hujaa chini yake. Kwenye bastola za mtindo wa Colt 1911, ambako ndoano yenyewe ni chuma kirefu kinachojipinda kama springi, tabia moja huiharibu haraka: kuweka risasi kwa mkono ndani ya chemba kisha kuiachia slaidi. Ndoano hiyo imeundwa risasi iteleze chini yake ikitokea kwenye magazini. Ukiilazimisha kuruka juu ya kitako cha risasi iliyokwisha kukaa, ncha inavunjika au mkazo unapotea. Pini ya kugongea nayo huvunjika mara chache, na swali la kuvuta triga bila risasi lina majibu tofauti kulingana na bastola. Bastola ndogo za .22, yaani za kipenyo cha inchi 0.22, usizivutie triga zikiwa tupu, kwa sababu katika nyingi pini inagonga ukingo wa chemba. Za milimita 9 za kisasa hazina shida kubwa. CZ 75 iko katikati: pini yenyewe inavumilia, lakini kile kijipini kinachoishikilia hukatika kwa mazoezi makavu mengi.

Mtutu watu wanauhofia bure. Ndani una mifereji inayokizungusha kichwa cha risasi, na kichwa hicho ni madini laini ya risasi yenye ganda jembamba la shaba, kikisukumwa na baruti kidogo tu. Bunduki ndefu yenye kasi kubwa inaweza kumaliza mtutu wake kwa risasi elfu chache. Mtutu wa bastola ya milimita 9 huenda makumi elfu. Ukichakaa kweli, karatasi ya shabaha itakuambia, kwani matundu yatakuwa marefu kama tundu la ufunguo badala ya duara, maana risasi zinafika ubavu. Kinachoua mtutu ghafla ni ajali moja. Risasi dhaifu inakwama ndani, mpigaji anasikia mlio mdogo usio wa kawaida, anaipuuza, na kupiga nyingine nyuma yake. Mtutu unavimba. Ukichungulia kwenye mwanga utaona pete nyeusi mahali pamoja, na mtutu huo ni wa kutupwa hata kama bado unapiga.

Slaidi na fremu ndivyo vinavyoamua umri wa huduma, na adui yao ni uchovu wa chuma, ule ule wa waya. Ufa huanza kwenye kona kali, tundu au mahali chuma kilipopunguzwa. Mfano unaojulikana sana ni wa Beretta M9, bastola iliyochukua nafasi ya 1911 katika jeshi la Marekani mwaka 1985. Miaka michache baadaye slaidi kadhaa zilikatika katikati, pale zilipochongwa kuupa nafasi mfumo wa kufungia mtutu, na kipande cha nyuma kikawapiga wapigaji usoni. Wengine walilaumu risasi zenye shinikizo kubwa, wengine chuma chenyewe. Dawa iliyobaki hadi leo ni rahisi na ya akili: pini ya nyundo ilipewa kichwa kikubwa kinachoingia kwenye mfereji wa slaidi, ili hata slaidi ikikatika, kipande cha nyuma kisitoke kwenye fremu. Kwenye familia hiyo ya Beretta, kipuri cha kuangalia hasa ni kile kipande cha kufungia kilichoko chini ya mtutu. Mabawa yake hupata nyufa, na likivunjika moja bastola inakwama palepale.

Si kila ufa ni msiba. Fremu za 1911 zilizopigwa sana hupata ufa kwenye daraja jembamba lililoko juu ya tundu la kizuizi cha slaidi. Daraja hilo halibebi kazi yoyote ya maana, hata Colt wenyewe waliamua kulikata kiwandani. Ufa kwenye slaidi ni habari nyingine. Huo haulehemewi, haujazwi gundi ya chuma, na anayekuambia atauchoma kwa welding mkimbie, kwa sababu joto la kulehemu linavuruga ugumu wa chuma chote kilichouzunguka.

Na plastiki je? Kwanza si plastiki ya beseni. Ni polima ya jamii ya nailoni, mara nyingi ikiwa imechanganywa na nyuzi za kioo, na bastola ya kwanza ya kiwandani yenye fremu ya namna hiyo, Heckler & Koch VP70, ilitoka mwaka 1970. Mahali slaidi inapoteleza pana reli za chuma zilizozamishwa ndani ya polima, na slaidi na mtutu ni chuma kitupu, ndiyo maana mashine ya uwanja wa ndege inaziona vizuri. Fremu ya polima hunepa kidogo kwenye kila kipigo na kurudi, na kunepa huko kunaipunguzia mshtuko. Bastola moja ya P30 ya kampuni hiyohiyo iliyofanyiwa majaribio ya wazi Marekani ilipita risasi 91,000 kabla ya kustaafishwa kwa ufa. Kinachoitesa polima ni kemikali kali za kuyeyushia rangi na joto la moto, si umri.

Kuna somo kama hilo kwenye Hi-Power. Wengi huamini kwamba chuma kilichofuliwa daima kina nguvu kuliko kilichomiminwa kwenye kalibu. Kampuni ya FN ya Ubelgiji walipoitengeneza bastola hiyo kwa risasi nzito ya .40 katika miaka ya 1990, fremu ya zamani ya kufuliwa haikuuhimili mzigo, wakahamia kwenye fremu ya kumiminwa iliyo ngumu zaidi.

Sasa hesabu, maana ndiyo inayomaliza ubishi. Mmiliki anayepiga risasi 100 kwa mwaka kule kiwanjani atafika 5,000 baada ya miaka 50. Atabadilisha springi moja maishani, na mtutu atawaachia wajukuu. Mkufunzi anayepiga 500 kwa wiki anapita 25,000 kwa mwaka, na yeye asiponunua springi kwa wingi kama mwenye daladala anavyonunua breki, atazivunja fremu. Bastola ni ile ile.

Kama risasi hazitaimaliza bastola ya huyo wa kwanza, basi kitakachoimaliza ni kabati. Mombasa, Tanga, Unguja: ukiacha panga jipya ukutani wiki mbili bila mafuta unajua kinachofuata. Jasho na hewa ya chumvi hufanya kazi hiyohiyo kwenye slaidi, na mkoba wa ngozi ndio mahali pabaya kuliko pote pa kuhifadhia, kwa sababu ngozi hunywa unyevu na chumvi zilizotumika kuisindika hubaki ndani yake. Mkoba ni wa kubebea. Nyumbani, bastola ikae tupu ndani ya kasha la chuma lililofungwa, imepakwa utando mwembamba wa mafuta, pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu, navyo vibadilishwe vikishajaa.

Mafuta gani? Ya bunduki. Mafuta ya kupikia hukauka na kuwa gundi. Mafuta ya nazi huganda hewa ikishuka chini ya nyuzi 24 hivi, kwa hiyo bastola inayoteleza vizuri Bagamoyo itakuwa na nta ndani yake asubuhi ya Julai huko Njombe. Oili chafu ya injini ina asidi na vumbi la chuma. Tone moja kila reli na tone moja nje ya mtutu yanatosha, kwani kinachozidi hukamata vumbi na kuwa msasa. Njia ya pini ya kugongea iachwe kavu. Grisi ya zamani ikiganda humo, pini inaweza kugonga kinyonge, au, mbaya zaidi, ikabaki imechomoza na risasi ikalipuka slaidi inapofunga, triga haijaguswa.

Bastola za zamani za Kisovieti, kama Tokarev na Makarov, huleta swali la risasi za akiba zenye fataki za kale. Fataki hizo huacha chumvi mtutuni, na chumvi huvuta maji kutoka hewani. Mafuta hayaiyeyushi chumvi. Maji ya moto ndiyo yanayoiyeyusha: pitisha maji ya moto siku hiyohiyo, kausha kabisa, kisha paka mafuta.

Jambo moja halizungumzwi vya kutosha kwa askari wanaokabidhiana bastola kila zamu. Asubuhi risasi inaingizwa chemba, jioni inatolewa, kesho ileile inarudishwa juu ya magazini na kuingizwa tena. Kila safari inakigonga kichwa cha risasi kwenye ngazi ya chemba na kukizamisha kidogo ndani ya ganda. Nafasi ya baruti inapungua, shinikizo linapanda, na siku itakapopigwa inaweza kupasua kitu. Risasi ya milimita 9 ya kawaida (9x19) haipaswi kuzidi urefu wa milimita 29.69, lakini huhitaji kupima. Isimamishe mezani kando ya mpya kutoka boksi lilelile. Ikiwa fupi kwa macho, iondoe. Zilizobaki zibadilishane nafasi, isiwe moja inayobeba adhabu ya wote.

Kuhusu uvumi kwamba bastola ikizeeka nguvu zake huisha, nguvu iko kwenye risasi, haiko kwenye chuma. Bastola ya mwaka 1935 na ya mwaka jana zenye mitutu ya urefu sawa, zikipewa risasi za boksi moja, zitazirusha kwa kasi inayokaribiana. Kinachodhoofika ni risasi zilizoachwa kwenye droo ya gari juani kwa miaka.

Bastola iliyopitia moto haina mjadala. Tarehe 15 Novemba 2016 Kenya ilichoma silaha 5,250 kule Ngong, na moto hauhitaji kuyeyusha chuma ili kukiua. Ugumu wa slaidi na mtutu umetokana na kupashwa joto na kupozwa kwa vipimo maalumu kiwandani, na moto wa nyumba unafuta kazi hiyo huku umbo likibaki lilelile. Springi hufa kwanza. Ukiibana springi kwa vidole na ikabaki imelala bila kurudi, na rangi ya chuma imekuwa ya kahawia yenye magamba, hata kama ni ya urithi na namba zake bado zinasomeka, irudishwe polisi ikiwa tupu na isipigwe hata risasi moja ya kujaribia.